Mashimo ya Mfalme Sulemani Yako Wapi? Vitabu vya Zamani vya Bure na Njia ya Kuvifikisha Kwenye Kifaa Chako

Mjomba wangu alifundisha shule za msingi mkoani Tanga hadi alipostaafu. Mwaka jana binti yake anayefanya kazi Muscat alimletea Kindle (kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali) iliyokwisha kutumika, tupu, haina hata kitabu kimoja. Simu ikaita jioni hiyohiyo. "Mjomba," akaanza, maana naye huniita hivyo hivyo, "nasikia vitabu vya zamani humu ni bure. Niwekee Mashimo ya Mfalme Sulemani, kile tulichosoma sisi. Na sitaki cha Kiingereza."

Nilidhani ni kazi ya kumaliza kikombe cha chai. Cha Kiingereza, riwaya ya King Solomon's Mines, nilikipata kabla chai haijapoa. Cha Kiswahili nakitafuta mpaka leo, na huko kukitafuta ndiko kulikonifundisha kwamba neno "bure" kwenye habari hii lina matundu mengi. Watu huuliza vitabu vinapatikana wapi. Kinachowakwamisha hasa ni mambo mawili wasiyoyauliza: kitabu kimekuwa huru kwa sheria ya nchi gani, na ni nani aliyekaa kitako akakichapa upya. Kitabu chaweza kuwa huru kabisa kisheria na kisionekane popote kwenye intaneti. Kingine kinazunguka kila kundi la WhatsApp na wala si huru.

Hesabu huanzia kaburini

Hakimiliki ina mwisho, na katika nchi nyingi mwisho huo hupimwa kuanzia kifo cha mwandishi. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kenya kwa sheria yao ya 2001 na Uganda kwa ya 2006 wanahesabu vilevile. Miaka 50 hiyo ndiyo sakafu ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mara ya kwanza mwaka 1886. Nchi mwanachama hairuhusiwi kushuka chini yake, ila kupanda ni ruksa, na Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya wamepanda hadi 70. Mwaka wa mwisho huachwa uishe wote, kwa hiyo vitabu hutoka kifungoni kila tarehe 1 Januari.

Marekani ndiyo inayowachanganya watu. Huko vitabu vya zamani havihesabiwi kutoka kaburini, vinahesabiwa kutoka mwaka wa kuchapwa, na muda ni miaka 95. Vilivyochapwa 1929 viliachiwa tarehe 1 Januari 2025, na kila mwaka unaofuata huachia fungu la mwaka mmoja zaidi. Jambo hili linamgusa hata mtu wa Korogwe asiye na haja na Marekani, kwa sababu maghala makubwa ya vitabu vya bure yako huko na yanafuata sheria ya huko.

Mchukue George Orwell, aliyefariki Januari 1950. Kwa kipimo cha miaka 50, riwaya yake Animal Farm ilikuwa huru kwetu kuanzia 2001. London walisubiri hadi 2021. Chicago watasubiri hadi 2041, kwa kuwa kitabu kilichapwa 1945. Ndiyo maana ukikitafuta Project Gutenberg, ghala la Marekani la vitabu vya bure mtandaoni, hukipati, lakini ukienda Project Gutenberg Australia, ambao ni watu wengine kabisa wenye jina linalofanana, unamkuta Orwell amejaa tele. Australia walipotoka miaka 50 kwenda 70 mwaka 2005 hawakuwarudisha ndani waliokwisha kutoka.

Migongano hii imewahi kufika mahakamani. Mchapishaji mmoja wa Ujerumani aliishtaki Project Gutenberg kwa vitabu vya Heinrich Mann, Thomas Mann na Alfred Döblin, ambavyo Marekani vilikuwa huru na Ujerumani bado. Mwaka 2018 mahakama ya huko ikampa ushindi, na Gutenberg wakajibu kwa kuifungia Ujerumani nzima. Hadi 2021, walipoelewana, msomaji aliyekuwa Berlin hakuweza kufungua hata kitabu cha mwaka 1600 kwenye tovuti ile. Ndugu zetu walioko huko wakidhani simu zao ni mbovu, sababu ilikuwa hiyo.

Sasa kamba ya pili, iliyonifunga mimi. Mfasiri naye ni mwandishi. Tafsiri ina hesabu yake, mbali na hesabu ya kitabu kilichofasiriwa. Shakespeare alikufa 1616 na hana wa kumdai, lakini Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi ni kazi za Julius Nyerere, aliyefariki Oktoba 1999, na kwa sheria yetu zinalindwa mpaka mwisho wa 2049. Shamba la Wanyama, alilolifasiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967, haliwi huru kwa sababu tu Orwell ameachiwa. Mtu akikuambia "Shakespeare ni bure", muulize: kwa maneno ya nani?

Mjomba wangu kumbe alikuwa na bahati na hakujua. H. Rider Haggard, mwenye King Solomon's Mines ya mwaka 1885, alifariki 1925. Mfasiri wa Mashimo, Frederick Johnson, ndiye yule aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili mwaka 1930. Alifariki 1937, kabla kamusi yake haijatoka kiwandani. Miaka 50 yake iliisha na mwaka 1987, hata miaka 70 ya Waingereza imekwisha. Tafsiri yenyewe ilitolewa London mwaka 1929, maana yake hata Marekani iliachiwa Januari 2025. Milango yote ya sheria iko wazi, na nyumba haina mtu.

Aliyekaa akachapa

Tarehe 4 Julai 1971, kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Illinois, Michael Hart, alikuwa amepewa nafasi ya kutumia kompyuta kubwa ya chuo, enzi ambazo kompyuta ilijaza chumba. Akachukua nakala ya Azimio la Uhuru wa Marekani, akaliingiza neno kwa neno kwa vidole vyake, herufi kubwa tupu, kisha akawajulisha wenzake kwamba limo humo, atakaye alichukue. Hiyo ndiyo Project Gutenberg. Kwa miaka mingi iliyofuata vitabu viliingia kwa mtindo huohuo, mtu na kibodi yake. Hart alifariki 2011, na leo ghala lina zaidi ya vitabu 70,000, vingi sana vikiwa vya Kiingereza.

Kilichoongeza kasi ni wazo la Charles Franks, aliyeanzisha Distributed Proofreaders mwaka 2000. Badala ya mtu mmoja kubeba kitabu kizima, kitabu huskaniwa, programu ya kutambua herufi ikatoa maandishi ghafi, halafu kila ukurasa ukapewa mtu wa kujitolea. Anaona picha ya ukurasa upande mmoja na maandishi upande wa pili, anasahihisha, anauachia mwingine aupitie tena, na mwingine tena, kisha wanakuja wa kupanga vichwa vya habari na herufi za mlalo. Mwito wao ni ukurasa mmoja kwa siku. Yeyote aliyewahi kusoma prufu za gazeti atajua thamani ya macho matatu juu ya mstari mmoja.

Kazi hii ndiyo inayotenganisha faili nzuri na faili la kukuumiza kichwa. Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ina vitabu vingi kuliko Gutenberg, tena vya kila lugha, lakini wao kazi yao hasa ni kuskani. Unapopakua PDF unapata picha za kurasa. Kwenye kompyuta zinapendeza, mpaka madoa na mihuri ya maktaba unaiona. Kwenye kioo cha inchi sita herufi zinakuwa kama sisimizi. Ukichagua EPUB badala yake, yaani faili la maandishi yanayojipanga kulingana na kioo, unapata maandishi yaliyotolewa na mashine, mara nyingi bila binadamu kuyapitia: namba za kurasa katikati ya sentensi, "rn" imekuwa "m", na kwa Kiswahili, kile kikoma cha ng'ombe kimepaa hewani. Mashine iliyofundishwa Kiingereza ikikutana na "mng'ao" hufanya inavyojua yenyewe.

Archive pia ina vitabu vya kuazima kwa muda, na hivyo si huru, ni vya kuazimwa tu. Wachapishaji wakubwa waliishtaki mwaka 2020 kwa uazimishaji huo, wakashinda 2023, na rufaa ya 2024 ikathibitisha. Kwa maelezo ya Archive yenyewe, zaidi ya vitabu 500,000 viliondolewa kwenye uazimishaji. Kwa hiyo ukiona kitufe cha kuazima badala ya orodha ya mafaili ya kupakua, ujue kitabu hicho bado kina mwenyewe.

Kuna kundi la tatu ninalolipenda kuliko yote, Standard Ebooks. Wanachukua maandishi yaliyokwisha kusahihishwa, mengi yakiwa ya Gutenberg, wanayapanga kama mpiga chapa wa zamani aliyeipenda kazi yake: nukuu zinazopinda inavyotakiwa, sura zinazofunguka kwa orodha ya yaliyomo, jalada lenye mchoro wa zamani ambao nao umeachiwa. Wana vitabu elfu moja na ushei tu, ila sijawahi kupakua chao nikajuta. Mimi huanza kwao, nikikosa naenda Gutenberg, nikikosa huko ndipo navaa gambuti kuingia Archive. Na mwenye macho yaliyochoka aijue LibriVox, ambako tangu 2005 watu wa kujitolea wanasoma vitabu hivi kwa sauti na kuviachia bure.

Neno juu ya tafsiri za zamani kwa Kiingereza, kwa sababu wengi wetu tunawasoma Wafaransa na Warusi kwa mlango huo. Tafsiri iliyo huru ni ile ya zamani, na ya zamani si lazima iwe nzuri. Jules Verne ndiye aliyeonewa zaidi. Kitabu chake cha safari ya chini ya bahari kilifasiriwa Uingereza mwaka 1872 na kasisi aitwaye Lewis Mercier, ambaye alikata vipande vikubwa na vingine akavielewa visivyo. Verne aliandika habari za "mauvaises terres" za Nebraska, yale mabonde makavu yenye makorongo. Mercier akaandika kwamba msafiri ametoka katika jimbo "lisilopendeza" la Nebraska. Gutenberg wanayo tafsiri hiyo kwa namba 164, na wanayo pia ya F. P. Walter, kamili na ya karibuni zaidi, kwa namba 2488. Zote bure. Asiyetazama jina la mfasiri atachukua ya kwanza inayojitokeza, halafu ataambia watu kwamba Verne hajui kuandika.

Rafu ya Kiswahili

Hapa ndipo mjomba alipoanza kufuka moshi. Ukienda Gutenberg usitegemee rafu ya Kiswahili. Utakachokuta ni vitabu vya Kiingereza kutuhusu sisi, kama Zanzibar Tales ya George Bateman, iliyochapwa Chicago mwaka 1901, ambamo yumo yule nyani na papa na punda wa dobi tuliyemjua utotoni. Kiswahili chenyewe kiko Archive, na kipo kingi kuliko watu wanavyodhani. Shida ni kwamba kimefichwa chini ya majina ambayo Mswahili hawezi kuyafikiria.

Ukiandika "Kiswahili" unakosa nusu. Andika "Swahili", kisha "Suaheli" kama Wajerumani walivyoandika, kisha "Suahili" kama alivyoandika mmisionari Krapf kwenye kamusi yake ya 1882. Tena usitafute jina la aliyesema au kuandika, tafuta jina la Mzungu aliyekusanya. Desturi za Wasuaheli, kitabu cha 1903 kilichojaa habari za harusi, ngoma, unyago na mazishi ya Mrima, sehemu kubwa ni kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, lakini katika orodha za maktaba mwenye kitabu ni Carl Velten. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja, utamkuta kwa jina la Emily Ruete, kumbukumbu zake zikiwa kwa Kijerumani cha 1886. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yamo ndani ya majarida ya chuo cha lugha za mashariki cha Berlin ya miaka ya 1902 na 1903, kwa mkono wa Heinrich Brode. Na Inkishafi, utenzi ambao watoto wa Lamu wamekua wakiusikia, unapatikana mwishoni mwa kitabu cha sarufi cha kapteni mmoja wa jeshi, C. H. Stigand, cha mwaka 1915, ukiwa umehaririwa na W. E. Taylor. Ni nani angeenda kutafuta Inkishafi kwenye kitabu cha sarufi?

Nilimpakulia mjomba Swahili Tales ya Askofu Edward Steere, ya mwaka 1870. Ni hadithi za Unguja kama zilivyosimuliwa, ukurasa wa kushoto Kiswahili, wa kulia Kiingereza, au kinyume chake. Katika kitabu cha karatasi mpango huo ni mzuri sana. Ndani ya EPUB ya mashine, kurasa zinafuatana kama magari kwenye foleni: Kiswahili, Kiingereza, Kiswahili, sentensi imekatwa katikati na inaendelea baada ya kuruka ukurasa mzima wa lugha nyingine. Mjomba alilalamika siku mbili, ya tatu akazoea kuruka.

Kwa anayetaka maandiko ya kale zaidi, maktaba ya SOAS, chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika huko London, imeweka picha za miswada ya tenzi kwa hati ya Kiarabu. Hizo ni za kusomea kwenye kioo kikubwa, na kwa mtu aliyepitia chuo cha Kurani. Mwenye watoto wadogo ana mlango mwingine kabisa: African Storybook wana hadithi za picha kwa Kiswahili ambazo wenyewe wameziachia kwa leseni huria. Hizo si za zamani na hakuna aliyekufa. Waandishi wameamua tu kuruhusu, nayo ni njia halali ya kitabu kuwa bure.

Watu wataniuliza Shaaban Robert. Alifariki Juni 1962. Ongeza 50 na ufunge mwaka, unafika mwisho wa 2012. Kwa hesabu ya sheria ya Tanzania, maneno yake yameachiwa. Lakini toleo jipya lenye utangulizi wa mhariri, maelezo ya chini na michoro, hayo nyongeza yana wenyewe, na ukiskani toleo hilo umechukua na vya watu. Isitoshe Kusadikika kilichapwa 1951, mwaka ambao Gutenberg huko Marekani hawaupokei hivi hivi tu. Euphrase Kezilahabi yeye tumemzika 2020. Vitabu vyake ni vya warithi wake mpaka mwisho wa 2070, na ile PDF iliyopigwa picha kwa simu, vidole vikionekana pembeni mwa ukurasa, ni wizi wa kawaida hata kama aliyekutumia ni mwalimu.

Kukiingiza kwenye kifaa

Sehemu hii ina maneno mengi ya kutisha na mambo machache. EPUB ndiyo aina ya faili inayosomwa karibu kila mahali: vifaa vya kusomea kama Kobo na PocketBook, na simu yako ukiweka programu kama ReadEra. Maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo, unaweza kuyakuza mpaka babu asome bila miwani. PDF haijipangi, ni picha ya ukurasa ulioganda.

Kindle ndiyo yenye tabia zake. Ukiunganisha kwa waya wa USB ukanakili EPUB ndani, faili litaingia na kitabu hakitaonekana, na utadhani kifaa kimekufa. Kwa waya, mpe AZW3, aina ya faili ya Kindle yenyewe, ambayo Standard Ebooks wanaitoa tayari, au lile faili la Kindle unalolikuta kwenye kila ukurasa wa kitabu Gutenberg. Njia ya pili ni kuituma kwa barua pepe: kila Kindle iliyosajiliwa ina anwani yake, na tangu 2022 huduma hiyo inapokea EPUB na kuigeuza yenyewe. Mtego uko kwenye mipangilio ya akaunti. Lazima kwanza uorodheshe anwani yako wewe mtumaji kuwa imeruhusiwa, la sivyo kitabu hakifiki. Nilituma vitabu vinne vikapotelea njiani kabla sijalijua hilo. Mwenye kompyuta aweke Calibre, programu ya bure ya Kovid Goyal, iliyopo tangu 2006. Inageuza aina moja kwenda nyingine, inapanga majina ya waandishi, inasukuma vitabu kwenye kifaa kwa waya.

Bando nalo lina hesabu zake. Gutenberg hutoa kitabu kimoja kwa namna mbili, chenye picha na kisicho na picha. Pride and Prejudice, namba 1342, siku hizi imetokana na toleo la 1894 lenye michoro mingi, na faili lake lenye picha linapita megabaiti 20. Lisilo na picha halifiki megabaiti moja. Maneno ni yaleyale. Kwa riwaya ya kusoma usiku kwenye kioo cha kijivu, chukua jepesi.

Na usinunue. Kwenye maduka ya vitabu vya kidijitali utakuta vitabu hivihivi vikiuzwa kwa dola moja moja, jalada limechorwa jipya na ndani ni maandishi ya Gutenberg yaliyofutwa jina. Si kosa kisheria, kwa kuwa mali ya umma hata muuzaji anayo haki nayo. Ila ukilipa, jua unanunua jalada.

Nakala ya Korogwe

Mjomba alipomaliza hadithi za Steere alinirudishia daftari. Ameorodhesha humo makosa yote ya mashine, ukurasa kwa ukurasa, kwa wino mwekundu, kana kwamba Archive ni mwanafunzi wa darasa la sita. Nikamweleza habari za Distributed Proofreaders. Akauliza kama wanapokea wazee. Wanapokea yeyote mwenye intaneti, nikamwambia, na wanaanza na kurasa nyepesi.

Akauliza la pili, na hili ndilo alilokuwa nalo moyoni: je, Mashimo yanaweza kuingia huko? Yanaweza. Anayetaka kukipeleka kitabu Gutenberg huanza kwa kuomba kibali, na ushahidi wanaoutaka ni picha za kurasa mbili tu: ule wenye jina la kitabu, na upande wake wa nyuma wenye mchapishaji na mwaka. Wakiridhika, kitabu kizima huskaniwa na kazi ya macho inaanza.

Wiki iliyopita alinipigia, sauti imechangamka. Mwalimu mwenzake wa zamani, aliyeko Korogwe, ana nakala ya Mashimo, ameihifadhi kwenye sanduku la bati tangu wakiwa vijana. Nikamwomba amwambie apige picha kurasa za mwanzo. Jibu likaja kesho yake. Kitabu ni kizima, mchwa hawajakigusa, hadithi yote imo mpaka neno la mwisho. Kinaanzia ukurasa wa 5.